Voyager 1 (chombo cha anga) ilipimaje hewa ya Titan (mwezi wa sayari ya Zohali) bila kutua?

Ilitumia hasa redio yake, mkuu. Novemba 1980 ilipojificha nyuma ya Titan ukitazama kutoka Duniani, mawimbi yake ya redio ya urefu wa sentimita 13 na 3.6 yaliyokuja Duniani yalipita kwenye hewa ya Titan yakapinda, masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yakahama kidogo. Ondoa mhamo unaotokana na mwendo wa chombo. Unaobaki hutoa pembe ya kupinda, kisha msongamano wa hewa tabaka kwa tabaka. Kanieneo (mgandamizo wa hewa) hupatikana kwa kujumlisha uzito wa hewa kuanzia juu: chini kabisa ni kama baa 1.5 (baa 1 ni karibu sawa na kanieneo ya hewa ya Dunia usawa wa bahari), na jotoridi karibu nyuzi -179 za Selsiasi.

Mtego uko hapa: vipimo hutoa uwiano wa jotoridi kwa uzito wa molekuli tu. Ukikosea gesi (pale ni naitrojeni hasa), jotoridi nalo limekosewa. Saa ya chombo ikiyumba, utadhani ni hewa.