Maswali Yenu: Mtoto Asiaibishwe kwa Deni la Chakula

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wilayani Kongwa. Wazazi huchanga mahindi na maharage ili watoto wale mchana. Wasiochanga, watoto wao husomwa majina mstarini, kisha hukaa pembeni wenzao wakila. Tukiacha kuwasoma, si hata wenye uwezo wataacha kuchanga?

Jibu: Hofu yako ina msingi, ndugu mjumbe, ila dawa yake si kumsoma mtoto. Kwa Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Mdaiwa, basi, ni mzazi. Mtoto akisomwa jina leo, kesho hutoroka, na mahindi bado hayaji.

Anzeni na hesabu. Gramu 120 za mahindi na 30 za maharage kwa siku 194 za masomo ni kilo 23.3 za mahindi na 5.8 za maharage kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Kosa la kawaida ni kupanga mchango uwe huohuo, kana kwamba kila mzazi atatoa. Wakikosa 1 kati ya 10, ghala linakauka kabla ya mwaka kwisha, na hapo ndipo kunyimana kunapoanza. Gawanyeni kilo hizo kwa 0.9, yaani wazazi 9 kati ya 10 watakaotoa: kilo 26 za mahindi, 6.5 za maharage. Mkutano wa wazazi uelezwe wazi kuwa nyongeza hiyo ni ya watoto ambao kwao hakuna kitu. Shamba la shule nalo lisaidie. Eka moja ikitoa gunia 6 za kilo 100, hayo ni mahindi ya watoto 25 kwa mwaka mzima.

Kisha tenganisheni daftari na jiko. Majina yabaki kwa mweka hazina na mwalimu mkuu. Mpishi apewe idadi ya waliohudhuria siku hiyo, basi. Asiye na majina hana wa kumnyima. Foleni iwe moja. Ubaoni bandikeni kilo zilizoingia, zilizotumika na zilizobaki, bila jina la mtu.

Mzazi aliyechelewa afuatwe kwake faragha na mjumbe wa kitongoji, au apigiwe simu. Mtoto asibebeshwe barua, kwa sababu wenzake huifungua njiani. Mzazi aulizwe kama atatoa baada ya mavuno, kidogo kidogo, au kwa kuni. Lakini kuni ziruhusiwe kwa wazazi wote. Zikiachiwa mafukara peke yao, mzigo wa kuni unageuka tangazo. Mtoto naye asioshe masufuria kulipia deni. Hilo ni adhabu, hata likiitwa kazi. Mwenye uwezo anayekaidi apelekwe kwa mtendaji wa kijiji huku mwanawe akiendelea kula.

Swali: Shule yetu Mwanza hutoa tiketi za bluu kwa waliolipa na nyeupe kwa wanaodaiwa. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, tena mkubwa, maana rangi inaonekana na shule nzima. Katika mpango wa Dishi na County wa Nairobi, ulioanza 2023, mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo kupitia simu, na mtoto hugusisha tu bangili kwenye kifaa. Ninyi hamhitaji mashine. Chapeni tiketi za rangi moja, zigawiwe darasani kwa wote, na malipo yaishie ofisini kwa mhasibu.

Swali: Tumetoka Kongo, tunaishi Texas. Mwanangu alinyang'anywa trei kantini kwa sababu ya deni. Nifanye nini?

Jibu: Omba sera ya shule ya madeni ya chakula, tangu Julai 2017 kila wilaya ya shule iliyo katika mpango wa kitaifa wa mlo wa mchana lazima iwe nayo kwa maandishi. Kisha jaza fomu ya mlo wa bure au wa bei nafuu, wakati wowote wa mwaka. Mkiwa mnapokea SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, andika namba ya kesi yenu ya msaada huo. Hapo hutaulizwa mapato. Vinginevyo fomu itataka tarakimu 4 za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mzima mmoja. Asiye nayo huweka alama kwenye kisanduku cha kuonyesha hana. Wengi huiacha fomu hapo kwa woga, bila sababu.

Deni la nyuma halifutiki fomu ikikubaliwa. Omba kulilipa kwa mafungu, na uandike kwamba taarifa zake zote zije kwako, zisipitie kwa mtoto.