Msiniulize wapi, niulizeni saa ngapi

Swali lenu la wiki hii linasema: mgeni akishuka mtaani kwenu na shilingi 5,000 mfukoni, utamwelekeza akale kibanda gani? Nimelisoma mara mbili hapa chini ya mwarobaini wangu, Ngamiani, Tanga, tairi la mtu likiwa mapajani, na naona mmeliuliza kombo.

Mie ni fundi baiskeli. Kazi yangu ni ya kukaa pahala pamoja kutwa, na mji huu baiskeli haziishi. Mwaka wa 20 na ushei huu, chakula cha mchana nyumbani nakila Ijumaa na sikukuu tu. Siku nyingine zote nalishwa na kina mama wa barabara hizi za namba. Nilichokiona ni kwamba mama lishe huyohuyo, kwa sufuria ileile, saa 7 mchana atakupa chakula ukakisimulie kwenu, na saa 10 atakupa cha kukulaza. Kwa hiyo huyo mgeni nitamuuliza kwanza amefika saa ngapi. Kisha nitamuuliza mwezi uko wapi, naye atadhani namtania.

Akifika alfajiri, watu wanatoka msikitini, namwambia afuate harufu ya iliki. Pale kona kuna bibi wa vitumbua. Mchele ameuloweka tangu jana, ameusaga, umeumuka usiku, na sasa anamimina upawa kwa upawa kwenye kile chuma chenye vishimo, huku anavigeuza kwa kijiti bila hata kuvitazama. Kitumbua chake kando kimekauka kidogo, katikati laini, na kinaliwa hapohapo kikiunguza vidole. Saa 2 anaosha sinia anaondoka. Ukikutana na kitumbua saa 4 kimefunikwa gazeti, mafuta yameshaganda, hicho si chake, na usije ukasema kwamba Tanga hatujui vitumbua.

Supu ya asubuhi na chapati ipo kila mji, sina la kuongeza.

Mchana ndipo penye mambo. Wali wetu ni wa nazi, na nazi haina subira. Mama huanza na tui jepesi, mchele ukishaiva nusu anatia tui zito, anafunika, anapalia makaa juu ya mfuniko. Wali ukifunuliwa mbegu mojamoja, umechambuka, una harufu ambayo mteja wangu mmoja aliiacha baiskeli bila kuuliza bei akaifuata. Lakini tui likikaa kwenye joto letu hili linachacha. Niliwahi kuchelewa kwa sababu ya ringi moja iliyopinda vibaya, nikaenda saa 10 na nusu kwenye kibanda kimoja, nikala wali wa maharage ya nazi uliokuwa umebaki. Ulimi uliniambia. Njaa ikaniambia nyamaza. Siku mbili sikufungua kazi. Mwenye kibanda simlaumu, ni mie niliyekwenda saa ya kuosha vyombo.

Baina ya saa 6 na nusu na saa 8 ndiyo wakati wenyewe. Na wajuao husubiri saa 8 kasoro, si kwa ajili ya wali bali kwa ajili ya ukoko. Ule mgando wa chini ya sufuria, mkavu, wenye mafuta ya nazi, hauuzwi, hupewa mtu. Unapewa kama umeamkia vizuri asubuhi na huna deni la wiki iliyopita kwenye daftari.

Ila mgeni akifika mchana na ananiamini, sitampeleka kwenye wali. Nitampeleka kwenye bada. Bada ni ugali wa unga wa makopa, yaani muhogo ulioanikwa ukakauka. Haupendezi machoni, nakiri: rangi yake kama udongo wa mvua, unavutika, unateleza. Mgeni akishaukata tonge anautafuna, na hapo ndipo anapokosea. Bada hautafunwi, unachovya, unameza. Unaliwa na samaki wa chukuchuku, aliyechemshwa kwa ndimu, chumvi na pilipili, bila mafuta wala nyanya za kumfichia aibu. Samaki asipokuwa wa leo, chukuchuku inamsema papo hapo, ndiyo maana mama wa bada hununua samaki kwa kidole. Anambonyeza ubavu, anamkunja mgongo. Akiwa teketeke na mfupa umevunjikavunjika ndani, anamrudisha, kwa sababu huyo kauawa kwa baruti. Pwani yetu imeteseka sana na baruti, na yule mama, bila sare wala boti ya doria, ni mmoja wa waliozikomesha, walau kwenye sufuria yake.

Hapa ndipo mwezi unapoingia. Dagaa wa bahari huvuliwa kwa taa usiku. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haina maana, dagaa hawakusanyiki, mashua nyingi zinapumzika. Kwa hiyo katikati ya mwezi ukiagiza bada kwa dagaa utaletewa wa juzi waliokaushwa, au utaambiwa "hakuna, baba." Pweza ana kalenda yake mwenyewe. Huyu anakamatwa mwambani, watu wakitembea kwa miguu na chuma mkononi wakichokoa mashimo, na mwamba haukauki vizuri ila siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kutoka kuliko kawaida, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo kwetu maji hutoka sana kwenye saa 4 asubuhi. Pweza akishatwangwa na kuchemshwa, jioni yuko barabarani. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kutoka sana, pweza wapo pia, lakini wachache, na wengine wametoka kwenye barafu. Mguu wake unautafuna mpaka taya linauma.

Piga hesabu mwenyewe: giza la mwezi mwandamo dagaa wapo, na bamvua ipo pia. Mgeni wenu akija siku hizo tatu nne, hata mpishi mbaya hawezi kumharibia.

Muuza pweza hukaa na meza yake baada ya Magharibi, taa moja, kisu, bakuli la pilipili ya ndimu. Unachagua kipande, anakikatakata, unachoma kwa kijiti, halafu unashushia kikombe cha supu yake ya zambarau. Vijana wanaamini supu ile inasaidia mambo ya ndoa. Mie nimeinywa miaka yote hiyo na sina ushahidi wa kuwapa, mke wangu naye hajaombwa maoni.

Baina ya mchana na usiku, alasiri, kuna mihogo ya kukaanga yenye chatini ya ukwaju na bajia za kunde, halafu anapita muuza kahawa akigonganisha vikombe. Kahawa chungu, kashata moja, na hapo ndipo utasikia habari zote za mji, nyingine za kweli. Chipsi mayai zipo usiku kwa anayezitaka.

Suala la usafi mtaniuliza, najua. Tangu kipindupindu cha mwaka 2015 kilichoanzia Dar es Salaam kikasambaa mikoani, mie sitazami meza wala kitambaa, natazama maji ya kunawa. Yakitoka kwenye ndoo yenye koki, nakaa. Yakiwa kwenye bakuli moja tunachovya sote, nasingizia nimesahau pesa.

Na Ramadhani hesabu hizi zote zipindueni. Mchana makaa yamelala, na jioni barabara nzima ni sinia.

Sasa zile shilingi 5,000, kwa bei za kwetu leo: vitumbua vitatu na chai 1,000. Bada na samaki 2,500. Kahawa vikombe viwili na kashata 500. Inabaki 1,000 ya pweza, na hiyo ni kwa anayekubali kuamka mapema na kukaa mpaka usiku. Akiwa na saa moja tu kabla ya basi lake, basi aje saa 7 moja kwa moja kwenye bada, na baiskeli yake, kama anayo, aniachie nikaze breki wakati anakula.