Kumkaribia Mungu wakati mtoto anaumwa na haponi: jibu la mama wa mtoto mwenye sikoseli

Mtoa mada pole sana, tena sana. Umesema mwanao anaumwa mda mrefu, ukipiga magoti unaona kimya tu, unaogopa hasira ulizonazo kwa Mungu ni dhambi na juu yake kuna ndugu kakwambia imani yako ndogo ndo maana mtoto haponi. Nakujibu kama mama mwenzio, mimi sio mtumishi wala sijasomea mambo ya dini, ni Mkatoliki wa kawaida tu, naishi Mwanza na mwanangu wa pili ana sikoseli. Sasa hivi yuko darasa la tatu.

Kwa wasioujua huu ugonjwa, chembe nyekundu za damu zinajikunja zinakuwa na umbo la mundu (ndo maana wengine wanauita selimundu), zinanasa kwenye mishipa midogo damu haipiti na pale iliponasa ndo maumivu yanaanzia. Wangu alianza hajatimiza hata mwaka, vidole vya mikono na miguu vikavimba tukadhani kang'atwa na mdudu. Toka hapo baridi kidogo tu, homa, malaria au siku amecheza juani hajanywa maji ya kutosha, basi usiku anaamka analia mguu, mgongo, kifua. Huku kanda ya ziwa tupo wazazi wengi sana wenye hawa watoto, na Tanzania kwa ujumla ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto kuzaliwa na sikoseli, kwahiyo najua humu kuna wanaonielewa bila maelezo marefu.

Nianze na hilo la huyo ndugu yako maana ndo linaloumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Kwetu upande wa mume walisema kwenye ukoo wao haujawahi kuwepo ugonjwa huo, maana yake mimi ndo nimeuleta, wengine wakasema ni laana, wengine mimba ilichezewa. Daktari akatuita wote wawili akatueleza kwamba mtoto hawezi kuupata kwa kurithi upande mmoja, mimi na baba yake kila mtu kabeba kinasaba cha ugonjwa huo, sisi wenyewe hatuumwi ila kila mimba kuna uwezekano wa mmoja kati ya wanne mtoto akazaliwa nao. Hamna wa kulaumiwa hapo. Nilitoka mle ndani nimepata nafuu kubwa alafu jioni nikaenda kusoma Yohana sura ya 9, wale wanafunzi wanamuuliza Yesu kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akasema sio huyu wala wazazi wake. Dada, naomba uishike hiyo kabisa. Huwezi kumsogelea Mungu huku unaamini ndiye anayemchapa mtoto wako kwa ajili yako, utakuwa unamkimbia tu hata kama mdomo unasali.

Sasa kuhusu hasira. Kwa mda mrefu nilikuwa nasali zile sala nzuri, Mungu tunakushukuru kwa yote, mapenzi yako yatimizwe, na watu kanisani wananisifia yaani wewe mama una imani. Lakini ndani nilikuwa mbali mno. Kuna usiku tulikuwa wodini, damu ilishuka sana tunasubiri mtoto aongezewe, mjomba wake katoka kuchangia lakini ya kundi lake haijapatikana bado, mtoto analia ananiambia mama sema na Yesu aache. Aache! Yaani kwake Yesu ndo anaumiza. Nikatoka nje kwenye korido nikashindwa hata kuanza Baba Yetu, nikasema kwa sauti kabisa, Mungu mimi sikuelewi, wewe ni baba wa namna gani, nimechoka na wewe. Kuna mama alikuwa kalala kwenye kanga pale chini akanyanyua kichwa akanitazama akarudi kulala.

Hakuna kilichotokea. Damu ilikuja asubuhi, maumivu yalitulia dawa zilipofanya kazi. Ila nataka nikwambie ukweli, ile ndo ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli toka mtoto aanze kuumwa, na nilipomaliza kuisema niliona kwamba nina mtu wa kumwambia. Sijui nieleze vipi, sikusikia sauti wala joto kifuani kama wengine wanavyoshuhudia, ila nilijua nimeongea na mtu, na huyo mtu hajaondoka. Mume wangu nikiwa nimemkasirikia nikamnyamazia wiki nzima hapo ndo tuko mbali, siku nikimfokea tumeshaanza kurudiana.

Baadae nikaja kuona kwamba Biblia yenyewe imejaa watu wa hivyo. Nenda kasome Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio mwishoni zinageuka zinakuwa za sifa, hiyo haigeuki, inaanza na kilio inaishia gizani, na bado Kanisa limeiweka kwenye sala ya kabla ya kulala kila Ijumaa, kwahiyo kuna mapadri na masista dunia nzima wanaisali wiki kwa wiki. Wangekuwa wanaona ni dhambi wasingeiweka. Na Ayubu, watu wanamtaja kwa uvumilivu tu utadhani alinyamaza, kumbe analalamika sura na sura, anataka Mungu aje wasimame naye kama kwenye kesi. Wale rafiki zake wanamtetea Mungu vizuri sana, maneno mazuri, lakini hakuna hata mmoja anayegeuka akasema na Mungu mwenyewe, Ayubu peke yake ndo anaongea NAYE. Na mwisho Mungu anawakasirikia wale, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Cha kuniliza zaidi ni kwamba wale rafiki walianza vizuri, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno, wangeishia hapo tu!

Alafu zipo siku hata hasira huna, umechoka tu, huna neno. Hapo mimi rozari ndo imenibeba, na najua wapo wasiosali rozari na siwalazimishi, kila mtu na njia yake. Matendo ya uchungu, yaani sehemu ya rozari ya kutafakari mateso ya Yesu, yanaanza na Yesu bustanini, na ukisoma Mathayo 26 anaomba mara tatu kwa maneno yaleyale, kikombe kiondoke, na hakikuondoka. Mwana wa Mungu mwenyewe alirudia maneno yaleyale na hakupewa alichoomba. Kwahiyo nikiwa nimemshika mwanangu mguu namkanda na maji ya uvuguvugu huku nasema Salamu Maria ile ile mara hamsini bila kuhisi chochote, sioni tena kama ni sala mbovu. Na Bikira Maria pale msalabani, Yohana hajaandika neno hata moja alilosema, kaandika tu kwamba alikuwa amesimama pale. Mama anayetazama mwanae akiteseka na hana la kufanya. Mimi huwa nasimama naye pale, kuna usiku hiyo ndo sala yote.

Nisisahau hili. Watakuja watu wa kukwambia acha dawa ndo imani ikamilike. Kuna mmoja aliwahi kutuambia hivyo, eti foliki asidi (vidonge vya kusaidia mwili kutengeneza damu) na vidonge vingine ni kumjaribu Mungu. Nilimkatalia palepale. Mtoto anakunywa dawa zake kila siku, kliniki hatukosi, maji anakunywa mengi, analala kwenye neti na sweta havui msimu wa mvua, na anasali pia. Nabii Eliya alipochoka akaomba afe, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akamwacha alale alafu akampa tena. Kwahiyo na wewe mama kula, na mtu akijitolea kukaa na mtoto masaa mawili ulale, kubali.

Siwezi kukuahidi kwamba mwanao atapona, wangu hajapona, miezi mingine tunalazwa miezi mingine anacheza mpira na kaka yake utadhani sio yeye. Nilichopata ni kwamba siogopi tena kumwambia Mungu kitu chochote, na mtoto naye siku hizi hasemi Yesu anamuumiza, anasema Yesu njoo ukae hapa, anapiga piga kitanda kumuonyesha pa kukaa. Sikumfundisha mimi.

Umeuliza pia kama uache kwenda jumuiya kwa sababu ya maneno. Usiache, ila ongea na mwenyekiti pembeni, mwambie waje wasalie kwako ili usimuache mgonjwa, na awasihi watu wasihubiri, wasali tu. Hizo hasira zikikulemea sana nenda kaongee na padri, sio lazima kwenye kitubio, mwambie hivyohivyo ulivyotuandikia. Na nitumie PM jina la ubatizo la mtoto, jumuiya yetu tunasali Jumamosi asubuhi, nitamuweka kwenye nia.