Gari la michezo kwenye picha ya zamani? Anza na mlango

Jamani ukikuta picha ya babu ameegemea gari la wazi la viti viwili, usianze na jina ambalo familia imezoea kulitaja. Kwetu miaka yote ilikuwa "Jaguar ya babu", maana kwa wazee wetu gari lolote lenye boneti ndefu ni Jaguar tu. Kumbe ni Triumph, na mlango ndo ulionionesha.

Kwanza skani picha yenyewe, usiipige kwa simu, weka dpi (nukta kwa inchi) 600 au zaidi ndo uweze kuvuta uone vitu vidogo. Angalia pia kama haijasafishwa kinyume, manake negativu (ile filamu ya picha) ikigeuzwa usukani unahama upande. Picha ya Kenya usukani uwe kulia na pleti isomeke. Pleti ya herufi tatu na namba bila herufi mwishoni ni ya kabla ya 1989, ila hiyo inakwambia gari lilisajiliwa lini tu, sio lilitengenezwa lini.

Sasa mlango. Wa kwetu umekatwa chini kabisa pale kiwiko kinapokaa, babu katoa mkono nje kama yuko barazani, na huo mkato ni wa Triumph za TR (magari yao ya michezo, TR2, TR3 na kuendelea), MGA, gari la michezo la kampuni ya MG, mlango wake haushuki vile. Halafu TR2 ya 1953 na TR3 ya 1955 hazina hendo (kitasa) ya nje, unaingiza mkono ndani ndo ufungue, TR3A iliyoanza 1957 ndo ikaja na hendo nje. Nikavuta picha, hendo hiyo hapo inang'aa chini ya mkono wake! Niliruka wallahi.

Grili nayo inasaidia, TR2 wavu uko ndani kabisa ya mdomo, TR3 umeletwa mbele, TR3A grili imetanuka kuelekea taa zote mbili, lakini pua ikigongwa hubadilishwa kwahiyo usiitegemee peke yake. Rimu na rangi achana nazo kwanza.

Na wazee usiwaulize lilikuwa gari gani, waulize mvua ikinyesha mlifanyaje. Shangazi jina hakulijua kabisa ila alikumbuka vioo vya pembeni vilikuwa vya kuchomeka, na hiyo tu inaondoa TR4 ya 1961 na MGB ya 1962, zile zilikuja na vioo vya kuzungusha.