Jibu: Mashati na suruali za kiume, Uganda au Marekani?

Mkuu, umeuliza mashati na suruali za wavulana unazoshona hapo Mwanza uanze kuzipeleka Marekani au Uganda. Anza na Uganda. Marekani utagombania oda na viwanda vya Bangladesh, vinavyoshona kwa maelfu kwa maelfu. Uganda, ukiwa na cheti cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki (kinachoonyesha nguo zimetengenezwa ndani ya Jumuiya), hulipi ushuru wa forodha. Nguo za kutoka nje ya Jumuiya zilipangiwa ushuru wa 35% tangu Julai 2022. Nafasi hiyo usiiache. Kwenye makaratasi ya forodha, namba ya bidhaa (HS) kwa suruali za kitambaa ni 6203, mashati 6205. Kinachoniuma ni pamba yetu ya Kanda ya Ziwa: nyingi inaondoka ikiwa imechambuliwa tu, yaani imetolewa mbegu, halafu tunanunua kitambaa cha China!