Ukiona Taa za Ajabu Angani, Andika Saa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniletea ujumbe. Ameona nukta nyeupe zimefuatana mstari mmoja, zinapita angani kimyakimya, kisha zinazimika moja baada ya nyingine. Akamalizia: "Mtaalamu, na hizi nazo utasema ni ndege?" Kejeli hiyo nimeizoea. Nikamwuliza saa na upande wa anga. Saa hakukumbuka, ila simu yake ilikumbuka. Ilikuwa kwenye taarifa za video aliyorekodi. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia.

Nikaingiza muda na mahali kwenye Heavens-Above, tovuti inayoonyesha setilaiti zipi zinapita juu yako. Starlink! Setilaiti hizi za intaneti za kampuni ya SpaceX zinarushwa kwa mafungu tangu Mei 2019, fungu la kwanza likiwa na 60, na siku za mwanzo husafiri zimeongozana kabla ya kutawanyika. Kwetu chini jua limeshazama, kule juu bado linazimulika. Zikiingia kwenye kivuli cha Dunia, zinapotea.

Hakushukuru. Alinifungia mawasiliano.

Kwa hayo mimi ni mkongwe. Nina ndugu ambao hadi leo tunasalimiana kwa shingo upande kwa sababu ya sayari ya Zuhura. Tulikuwa safarini usiku, wakaona taa "inalifuata gari". Zuhura inazidiwa mwanga na Jua na Mwezi tu, na iko mbali mno, hivyo miti inarudi nyuma, yenyewe inabaki pale pale dirishani. Nilipoeleza, nikaambiwa nina dharau kwa wakubwa. Basi tulipofika nikasimama nao nje, nikawaonyesha ikizama pale pale programu ya ramani ya anga, Stellarium, iliposema itazama. Hakuna aliyesema "kumbe". Waliingia ndani kulala.

Sasa nyinyi mnaotaka kuchunguza kama mimi, andikeni saa. Andikeni upande. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi 10, kwa hiyo hesabu ngumi ngapi kutoka upeo wa macho. Taa nyekundu na kijani pamoja? Hiyo ni ndege, nyekundu iko bawa la kushoto. Usivute picha kwa simu hadi mwisho, maana nukta itavimba iwe sahani, na wewe utaapa umeona sahani inayoruka. Afadhali paa au mti uonekane kwenye picha. Na saa, jamani, saa!

Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wa Blue Book uliofungwa 1969, lilikusanya taarifa 12,618 za vitu vya ajabu vilivyoonekana angani, na 701 zikabaki bila maelezo. Kila mtu anazikimbilia hizo 701. Jifunzeni kwanza zile 11,917, ndiko kazi iliko, hata kama hakuna wa kukupigia makofi.

Na anayetaka nimchunguzie video, alete faili yenyewe kutoka kwenye simu iliyorekodi. Iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp huwa imeshapoteza saa yake.