Deilili yangu ni majani tu miaka mitatu sasa, halafu nasikia inaliwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Kibosho, Moshi. Miaka mitatu iliyopita rafiki yangu wa Njiro alinipa vichipukizi vya yale maua ya rangi ya chungwa, marefu, yanafunguka asubuhi jioni yameshanyauka, yeye anayaita deilili. Nimeyapanda kihambani chini ya migomba, samadi naweka ya kutosha, majani yananifika magotini ila ua sijawahi kuliona hata moja. Mbegu zake nazo zinauzwa wapi niongezee? Halafu binti yangu kaona mtandaoni Wachina wanayala, nikacheka, ila ni kweli? – Mama Junior

JIBU: Marahaba Mama Junior. Kabla sijaanza nakuomba uchukue jembe, ung'oe shina moja, uliweke juu ya gunia, maana karibu yote uliyouliza majibu yake yako chini ya udongo.

Umeng'oa? Osha mizizi. Deilili hii, jina lake la kitaalamu Hemerocallis fulva, haina kitunguu. Utakuta mizizi minene, mingine imevimba vimba kama vidole vya mtoto, na kuna vishina vyeupe vinatambaa pembeni kwenda kutoa mche mwingine. Majani yanaanzia chini kabisa, membamba, laini, yana mkunjo katikati kama karatasi uliyoikunja ukaikunjua. Ukikuta kitunguu chenye magamba na majani yamepanga foleni kwenye bua, hiyo ni lili ya kweli, siyo deilili. Ukikuta majani mazito, kijani iliyokolea, magumu kama mkanda wa ngozi, hapo umepewa klivia, na klivia iko kwenye bustani nyingi huku kwetu kwa sababu inavumilia kivuli, na ua lake nalo ni la chungwa, na ni sumu. Na kama mmea wako unapanda juu ya vichaka kwa kujishikiza na ncha za majani, maua mekundu na njano yamepinda kurudi nyuma kama moto wa jiko, hiyo ni Gloriosa superba ya porini, hiyo usiipeleke hata karibu na jikoni, kiazi chake kimeshaua watu.

Nakusumbua na haya kwa sababu moja: wewe ua la mmea wako hujaliona hata mara moja. Unataka kula kitu ambacho sura yake huijui.

Haya tuseme ni deilili kweli. Kwa nini haichanui? Umejijibu mwenyewe, chini ya migomba. Deilili inataka jua la moja kwa moja masaa sita kwa siku na kuendelea, kwenye kivuli inaishi vizuri tu, inanenepa, ila haina nguvu ya kutoa bua la maua. Samadi nayo imeongeza tatizo, naitrojeni ikizidi mmea unakimbilia majani, ni kama mahindi yaliyopigwa yurea mpaka yakawa marefu kuliko nyumba halafu magunzi hamna kitu. Na la tatu, angalia hilo shina ulilong'oa, kama limebanana vichwa vingi vingi (kichwa ni pale majani yanapokutana na mizizi) vimesukumana, limeshachoka kugombania chakula, huwa tunaligawa kila baada ya miaka mitatu mpaka mitano.

Kwa hiyo ligawe. Subiri mvua za kwanza za masika mwezi wa tatu, au vuli, kata majani yabaki kama shubiri moja, tenganisha kwa mikono au kisu, kila kipande kiwe na vichwa viwili vitatu na mizizi yake. Panda sehemu ya wazi, ile kingo ya mfereji au mteremko wa mbele ya nyumba ni pazuri mno maana mizizi yake inashika udongo, acha nusu mita kati ya shina na shina, na kichwa kisizame zaidi ya sentimita mbili tatu, ukikizamisha sana utarudi kuniuliza tena swali hili hili. Samadi pumzisha kwa sasa. Msimu wa kwanza baada ya kuhamisha inaweza isichanue, usiing'oe kwa hasira. Na usiipande jirani na mboga, ikishazoea inatambaa kweli, Marekani imetoka bustanini ikaenda kujaa kando ya barabara na sehemu nyingi sasa wanaihesabu magugu.

Mbegu usihangaike. Hii ya chungwa ya kawaida haizai mbegu, ina seti tatu za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, badala ya mbili, kwa hiyo mbegu hazijengeki. Wewe mtu wa Kibosho hili si geni, ndizi nyingi ziko hivyo hivyo (mchare ni tofauti, una seti mbili), ndo maana mgomba tunapanda chipukizi. Yeyote anayekuuzia pakiti ya mbegu za deilili hii anakuuzia picha iliyoko juu ya pakiti.

Sasa kula. Ni kweli, wala binti yako hajadanganywa. Uchina vichipukizi vya maua, yaani ua kabla halijafunguka, vinakaushwa na kuuzwa kama sisi tunavyouza dagaa, wanaviita sindano za dhahabu, wanaloweka kwanza ndo vinaingia kwenye supu, ila zile za dukani mara nyingi zinatoka kwa ndugu yake wa njano, Hemerocallis citrina. Hii ya chungwa nayo inaliwa. Chuma kile ambacho hakijafunguka, kimenenepa, kimeanza kubadilika rangi nchani. Mbichi usile na kwenye kachumbari usitie. Chemsha dakika kama kumi, mwaga yale maji, halafu kaanga na kitunguu na nyanya kama unavyofanya maharage machanga. Ladha iko hapo hapo kwenye maharage machanga, na kautelezi kidogo kama bamia.

Mara ya kwanza kula vitatu vinne tu usubiri kesho yake, kuna matumbo hayaelewani nayo kabisa. Mimi nilijaribu nikiwa mwanafunzi, nikala bakuli zima tena yamechemka nusu nusu, usiku ule njia ya chooni niliijua gizani bila tochi. Mizizi nayo inaliwa lakini kwa nini uue mmea wako kwa ajili ya vidole vidogo namna ile wakati viazi vipo sokoni Mbuyuni.

Mambo mawili kabla ya sufuria. Kama pembeni kuna kahawa mnayopiga mrututu au dawa ya wadudu, maua ya upande huo ni ya kuangalia tu. La pili, kama una paka, fikiria mara mbili pa kuyapanda, jani au chavua kidogo tu inaua figo za paka, mbwa hana shida hiyo. Hata yale maji ya kwenye chombo cha maua paka asiyanywe.

Bua la kwanza likitoka utaliona refu, karibu mita moja, juu limegawanyika na vichipukizi kumi au zaidi, vinafunguka kwa zamu kila kimoja na siku yake. Kile cha kwanza kiache kifunguke, kipige picha asubuhi pamoja na majani, nitumie niangalie, ndo ubandike sufuria.